Naomba ushauri: nifunguaje haraka faili la mteja nililolifanyia kazi asubuhi?

dada_wa_stesheni
Habari zenu wakuu. Nina stesheni ndogo hapa Morogoro, karibu na chuo. Nachapa, naprinti, natoa kopi. Kompyuta ni moja tu, Windows 10, ina Word na Excel.

Msimu huu wa ripoti za mafunzo kwa vitendo wanafunzi wamejaa. Mtu anakuja asubuhi namrekebishia ripoti, anakwenda kumwonyesha msimamizi wake, saa nane yuko mlangoni tena: "Dada, ile yangu ya asubuhi, kuna kichwa cha habari kimebadilika." Hapo naanza safari: diski D, folda ya wateja, folda ya mwezi, folda ya kozi. Mpaka nilipate, foleni imefika barabarani. Na mausi yangu imechoka, nikibofya mara moja yenyewe inabofya mbili.

Hakuna vitufe vya kubonyeza nikaletewa mafaili niliyoyafungua karibuni? Natanguliza shukrani.

mzee_wa_kibodi
Vipo, dada. Angalia mstari wa chini wa skrini, pale ilipo ikoni ya Word. Bofya kulia juu yake, itapanda orodha ya mafaili ya karibuni. Kitu hiki kipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, na bado nakutana na watu wanaotumia kompyuta kila siku hawajawahi kukiona. Faili unalojua litarudi, sogeza mshale juu yake utaona alama ya pini pembeni. Ibofye. Litabaki juu hata ukifungua mengine mia.

Kwa kuwa mausi inakutesa, iache. Hesabu ikoni kutoka kushoto, usihesabu kitufe cha Start wala sehemu ya kutafutia. Kama Word ni ya pili, shikilia kitufe cha Windows na Alt, gonga 2. Orodha ileile inatokea. Panda kwa vitufe vya mishale, piga Enter.

mwalimu_wa_zamu
Nyongeza. Ukiwa ndani ya Word tayari, Ctrl na O inakuletea orodha yake yenyewe, ndefu zaidi. Windows na E inafungua folda, na kwenye Windows 10 ukurasa ule wa kwanza unaonyesha mafaili ya karibuni hadi 20, yawe ya Word, Excel, picha au PDF. Mimi ndiyo naitumia wakati wa kujaza matokeo.

dada_wa_stesheni
Mungu awabariki. Windows, Alt na 2 imekubali, leo nimehudumia watu bila kuingia diski D hata mara moja.

Ila jana kumetokea jambo limeniumiza. Mwanafunzi alirudi na flashi yake, nikafungua "report final" kwenye orodha, nikaprinti kurasa 42. Kumbe ni ripoti ya mwenzake aliyekuwa na flashi kabla yake. Karatasi zimepotea, na yule kijana alikuwa anawahi kuikabidhi. Nini kimetokea?

mzee_wa_kibodi
Pole sana. Hili lielewe vizuri, maana kwa kazi yako ni kubwa kuliko vitufe vyote.

Orodha ile haihifadhi faili. Inahifadhi njia ya kulifikia, mfano "E, report final". Herufi E haikuwekwa kwa ajili ya flashi ya mtu mmoja. Flashi ya kwanza ikichomolewa, ya pili ikichomekwa inaweza kupewa E hiyohiyo. Na wanafunzi karibu wote wanaita kazi zao "report final". Word inafuata njia, inakuta faili la jina hilo, inalifungua. Haijui kwamba mwenyewe si yule. Ndiyo sababu siku nyingine utabofya uambiwe faili halipo: flashi imetoka, au safari hii imekuwa F.

Kwa hiyo usifanyie kazi ndani ya flashi. Nakili kwanza kwenye folda yako ya wateja, ongeza jina la mteja na tarehe mbele, ndipo ufungue. Akiondoka, mrudishie nakala kwenye flashi yake. Nusu dakika tu, na kila jina kwenye orodha litakuwa na mwenyewe mmoja.

fundi_wa_ilala
Naongeza la siri za wateja. Hapo stesheni mteja anakaa ubavuni mwako anatazama skrini. Ukifungua orodha anasoma "barua ya kuacha kazi" ya jirani yake, tena ukishaweka majina mbele kama mzee alivyosema, ndiyo kabisa. Kila jioni fungua Word, Ctrl na O, bofya kulia kwenye faili lolote la orodha, chagua kufuta yote yasiyo na pini. Barua nyeti usisubiri jioni: bofya kulia, liondoe peke yake mteja akiinuka tu. Faili lenyewe halifutiki, linatoka kwenye orodha tu.

dada_wa_stesheni
Hilo la barua sikuwahi kulifikiria, na juzi tu nimechapa moja ya mama wa mtaa huu. Naiondoa sasa hivi. Folda ya wateja nimeshaipanga kwa jina na tarehe, na yule kijana nimemprintia upya bila kumdai.