Nguzo ya chuma si ukuta: maboksi ya umeme yafungwe kwa utaratibu au yasifungwe kabisa

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ninasimamia matengenezo ya umeme katika karakana iliyojengwa kwa fremu ya chuma, yenye nguzo nzito za umbo la herufi H. Kila mkandarasi anapotukabidhi sehemu mpya, nakuta maboksi ya swichi, ya soketi na ya viungio vya nyaya yamebandikwa kwenye nguzo hizo kana kwamba aliyeyabandika alikuwa anatazama ukuta wa matofali. Moja limeshikwa na skrubu ya pembe moja tu, jingine limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, na jingine halikushikwa na chochote isipokuwa bomba lenyewe la nyaya linaloshuka kutoka juu. Nikiuliza, naambiwa kwamba umeme unawaka. Sikuuliza kama unawaka.

Skrubu za kujitoboa ndizo chanzo cha nusu ya uchafu huu. Ncha za skrubu hizi zimepangwa kwa namba kulingana na unene wa chuma zinachoweza kukitoboa: ncha namba 3 hufaa kwa chuma cha takriban milimita 5, ilhali namba 5 hufika takriban milimita 12. Bawa la nguzo ya kawaida ya karakana, yaani ubao bapa wa upande wa ile H, linaweza kupita milimita 10 bila shida yoyote. Fundi anakuja na skrubu alizobakiza kwenye kazi ya mabati ya paa, anakandamiza drili hadi ncha inaungua na kuwa ya buluu, kichwa kinakatika, naye anasogea pembeni kidogo na kuanza upya. Ukilifungua boksi la namna hiyo utaona nyuma yake vigutu vya skrubu vilivyokatika, rangi iliyoungua, na chenga za chuma zilizolala chini ya boksi katikati ya nyaya zenye umeme. Hakuna aliyejisumbua hata kuzifuta kwa brashi.

Wapo watakaosema kwamba boksi kulegea kidogo ni jambo dogo. Si dogo. Boksi lililoshikwa na skrubu moja huzunguka kila mtu anapobonyeza swichi au kuchomoa plagi, na likizunguka linavuta bomba, na bomba likivutwa nati inayolibana kwenye boksi inalegea. Pale ambapo bomba la chuma ndilo linalotegemewa kuunganisha ethi, yaani njia ya usalama ya kuondoa umeme unaovuja, nati hiyo ikilegea boksi linabaki bila ethi ya kuaminika, na mtu wa kwanza kuligundua kosa hilo anaweza kuwa yule atakayeligusa siku waya wa moto utakapochubuka ndani yake. Ndiyo maana kanuni ya umeme ya Marekani, NEC, hutaka boksi lishikwe imara, na hutaka pia bomba jembamba la chuma lishikwe kwa kibano chake ndani ya milimita 900 kutoka kwenye boksi.

Jibu ninalopewa hapo ndilo linalonikera kuliko yote: eti nguzo yenyewe imezama ardhini, kwa hiyo boksi lina ethi tayari. Mkondo wa hitilafu, yaani umeme unaovuja waya ukiharibika, hauhitaji kuzama ardhini. Unahitaji njia fupi na nyepesi ya kurudi kwenye chanzo chake ili breka ikatike mara moja, na njia hiyo ni waya wa ethi uliopita pamoja na nyaya nyingine za saketi. Kati ya boksi na nguzo kuna rangi, kuna kutu, na baada ya hapo kuna viungo vya fremu ambavyo hakuna aliyevipima kwa kazi hiyo. NEC inakataza waziwazi fremu ya chuma ya jengo kutumiwa badala ya waya wa ethi wa vifaa vya mkondo geu (AC), na hata asiyefanya kazi chini ya kanuni hiyo anaweza kuielewa sababu yake.

Kuna na hili la maboksi ya kuzuia maji. Boksi la IP65 limetengenezwa ili vumbi lisiingie kabisa na maji yanayorushwa kwa bomba yasilidhuru. Matundu yake ya kufungia yako kwenye pembe nne, nje ya mpira wa mfuniko, kwa makusudi hayo hayo. Fundi anaona uvivu kuzifikia pembe hizo, anatoboa katikati ya mgongo wa boksi, anapitisha skrubu bila washa ya mpira, kisha anafunga mfuniko vizuri kabisa. Nililofungua hivi karibuni lilikuwa na maji ya kutu yamesimama ndani, na viungio vya nyaya vimeota kijani.

Sasa tuje kwenye nguzo yenyewe. Sitasema kwamba tundu moja la milimita 6 litaangusha jengo. Ninachosema ni kwamba kutoboa nguzo inayobeba mzigo si uamuzi wa fundi umeme. Tundu kwenye bawa si sawa na tundu kwenye uti wa katikati unaounganisha mabawa mawili, na matundu mengi yaliyopangana kwenye mstari mmoja si sawa na tundu moja. Mhandisi wa miundo ndiye anayejua wapi panavumilika. Kuchomelea ni kubaya zaidi, kwa sababu joto linaharibu rangi hata upande wa pili ambao haufikiki kwa brashi, na kama chuma kimepakwa zinki, moshi wake humpa mchomeleaji homa. Nguzo za bomba la mraba nazo, ukizitoboa zikiwa nje, zinanywa maji ya mvua na kuliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayechungulia.

Lakini kinachonifanya nikatae kutia saini ni kinga ya moto. Chuma kinapofika nyuzi joto 600 kinakuwa kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na katika jaribio la moto la kiwango cha kimataifa cha ISO 834, tanuri hupita nyuzi hizo kabla ya dakika 10. Ile rangi nene iliyopakwa kwenye nguzo haikuwekwa kwa urembo. Ikipata moto huvimba mara nyingi ya unene wake na kuwa povu linalozuia joto lisifike kwenye chuma. Wao wanaikwangua kwa tindo ili boksi likae bapa, wanaacha chuma kitupu pembezoni, kisha wanaondoka. Hata pale wasipokwangua, boksi lililogandamizwa juu ya rangi hiyo linainyima nafasi ya kuvimba.

Na njia sahihi si siri. Kuna vibano vinavyouma ukingo wa bawa bila kutoboa chochote; vinashika kipande cha chaneli ya chuma ya milimita 41, na boksi linafungwa kwenye chaneli kwa bolti na nati zake. Vikifungwa kabla ya kinga ya moto kupakwa, mpakaji anapaka hadi kwenye kibano na kazi imekwisha. Umbo la H lenyewe lina nafasi kati ya mabawa mawili ambamo boksi linakaa salama dhidi ya foklifti, lakini wao wanalibandika usoni mwa bawa, linapogongwa na kila paleti ya mizigo. Pale mhandisi anaporuhusu kutoboa, basi tundu la milimita 5 kwa bolti ya M6 au milimita 6.8 kwa M8, mafuta ya kukatia, tapu ya kuchonga hesi za bolti ndani ya tundu, na mguso wa rangi ukimaliza.

Kwa haki, lawama si za mafundi peke yao. Michoro tunayoletewa ina alama ya boksi na kimo chake kutoka sakafuni, basi. Namna ya kulishika kwenye nguzo haikuchorwa wala haikuwekewa bei, na fundi anaitwa siku ambayo rangi imeshakauka. Mchoraji anayeacha jambo hilo wazi anajua fika kwamba litaamuliwa na mtu aliye juu ya ngazi akiwa na drili mkononi.

Kuanzia sasa sipokei sehemu yoyote ambayo maboksi yake yameshikwa namna hii, na gharama ya kurudishia kinga ya moto naitaka kwa mkandarasi. Yeye anadai kwamba mkataba haukutaja namna ya kufunga, hivyo hahusiki. Waliowahi kuandika kipengele cha aina hii kwenye mkataba wa umeme naomba waweke maneno yake hapa, hasa sehemu inayosema nani analipa rangi ikishakwanguliwa.