Kiwanda chetu cha korosho Mtwara kimeuliwa na maamuzi ya wakubwa, halafu lawama anabebeshwa mbanguaji

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara. Jina silitaji. Kiwanda kimefungwa, kina mama wamerudishwa majumbani, na tangazo lililobandikwa getini linasema sababu ni "uzalishaji duni wa wafanyakazi na uhaba wa malighafi". Uhaba wa korosho, Mtwara! Mtu ameandika maneno hayo, akayapiga muhuri, akaenda kulala.

Asiyeijua biashara hii anisikilize kidogo. Korosho ghafi zina msimu mmoja, Oktoba mpaka Januari hivi. Mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, mzigo unaingia ghalani, unauzwa mnadani. Pale mnadani mwenye kiwanda anagombea mzigo na wasafirishaji wanaopeleka ghafi India na Vietnam. Msafirishaji akinunua leo, mzigo unapanda meli, hela inarudi, anaizungusha tena. Mwenye kiwanda hana nafasi hiyo. Inabidi anunue ndani ya miezi michache korosho za kubangua mwaka mzima, azitunze zisioze, alipe riba ya benki kila mwezi huku zinatoka ghalani kidogo kidogo. Ndiyo maana uamuzi mzito kuliko wote kwenye kiwanda cha korosho unafanyika kabla mashine haijawashwa: hela ya msimu umeipanga mapema au hukuipanga?

Wakubwa wetu walioko Dar es Salaam hawakuipanga. Na walionywa! Mhasibu aliandika, mtu wa ghala aliandika. Jibu likaja kwamba minada ya mwanzo bei ipo juu, tusubiri ishuke. Sasa elewa kwa nini walijibu hivyo, maana hapa ndipo ugonjwa ulipo. Mkuu wa manunuzi wa kampuni alikuwa anapimwa kwa kitu kimoja, yaani wastani wa bei aliyonunulia kilo ya ghafi. Bonasi yake ilitoka hapo. Kwake yeye kusubiri kulikuwa na maana kabisa. Hakuna aliyempima kwa siku ambazo wabanguaji walikaa bila kazi, wala kwa oda ambazo mteja wa nje aliagiza tukashindwa kujaza kontena.

Na mzigo wa mwanzo ndio mzuri. Korosho zilizookotwa na kuanikwa kabla mvua hazijachanganya zinakauka sawasawa. Tulipoingia sokoni mwishoni tukapata mabaki, yenye unyevu, nyingine zimeshaota ukungu. Ripoti ikaenda makao makuu kwamba tumenunua kwa bei nafuu, watu wakapongezana.

Fanyeni hesabu hii wenyewe, ni ya darasa la nne. Tuseme kilo ya ghafi nzuri ni shilingi 3,000 na unahitaji kilo 4 upate kilo 1 ya korosho karanga, yaani kiini kilichokwisha kutolewa ganda. Malighafi imekugharimu 12,000. Tuseme umengoja ukapata kwa 2,700, lakini ni mzigo mbovu unaohitaji kilo 5 kutoa kilo ile ile moja. Imekugharimu 13,500. Umeokoa 300 kwenye ghafi, umepoteza 1,500 kwenye kile unachokwenda kuuza. Kampuni haiuzi ghafi, inauza karanga, lakini mtu mzima mwenye shahada ya biashara anapimwa kwa bei ya ghafi. Aliyetunga kipimo hicho ndiye aliyeufunga mlango wa kiwanda.

Halafu wakaja kwenye ubanguaji. Zamani mbanguaji wetu alilipwa kwa kilo, na korosho nzima ilikuwa na malipo yake ya juu kuliko iliyovunjika. Ilikuwa haki, kwa sababu sokoni pia ni hivyo. Daraja la W320, yaani korosho nzima 300 hadi 320 kwenye ratili moja (kama gramu 450), lina bei yake, W240 ambayo ni kubwa zaidi ina bei nzuri zaidi, na vipande vinauzwa kwa bei ya chini sana. Akaletwa mshauri na kompyuta yake, akakaa ofisini, akaona utaratibu wa malipo mawili unachelewesha mahesabu. Wakafuta. Malipo yakawa kwa uzito tu, pamoja na lengo la kilo kwa siku, na asiyefika anakatwa.

Mnadhani kilitokea nini? Mtu anayelipwa kwa uzito anatafuta uzito. Dada mmoja ambaye karanga zake zilikuwa zikitoka nzima karibu zote aliniambia, "Bosi, nikibangua kwa utulivu nakatwa, nikiharakisha zinavunjika, niambie nifanye lipi." Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu lilikuwa kwa watu ambao hawajawahi kushika korosho yenye ganda. Mafuta ya ganda lile yanachoma ngozi mpaka inabanduka. Wale kina mama walikuwa wanajipaka mafuta ya kula mikononi na kufanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Waliobobea wakaanza kuondoka, mmoja leo, wawili kesho. Vipande vikajaa. Bei ya mauzo ikashuka. Kikao kikafanyika, na hitimisho la kikao ni kwamba wabanguaji hawana ujuzi.

Ikanunuliwa mashine ya kukata. Sina ugomvi na mashine. Lakini mashine ile inataka korosho zilizochambuliwa kwa ukubwa kwanza, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, la sivyo kisu kinapita katikati ya karanga. Ya kuchambulia hawakununua, eti bajeti imeisha.

Kinachoniumiza ni kwamba sisi watu wa Kusini tulishafundishwa somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa kulima karanga za kawaida, siyo korosho, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Mpango ulipikwa London, udongo na mvua havikuchunguzwa ipasavyo, wakaleta matrekta kwanza. Mwaka 1951 wakauacha baada ya kuteketeza kama pauni milioni 36. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara haikudumu, iling'olewa. Ikaja miaka ya 1970, vikajengwa viwanda vikubwa vya korosho kwa mikopo, wakati ule ule mavuno yanaporomoka kutoka tani zaidi ya 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ya chini mno. Mashine zikabaki zinashika kutu, majengo mengine yakageuzwa maghala. Mara zote mbili mtu alijenga na kununua mitambo kabla hajajua mzigo utatoka wapi. Kampuni yetu imerudia kosa lile lile, Kusini hii hii.

Najua watakuja wa kusema tatizo ni serikali, sera hazitabiriki. Ni kweli soko linayumba. Mwaka 2018 serikali ilichukua ununuzi kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanunuzi binafsi wakakaa pembeni. Msimu wa 2024/25 bei mnadani ikapita 4,000. Sasa ukijua bei inaruka hivyo, unawezaje kuweka mpango mzima wa mwaka juu ya matumaini kwamba itashuka? Kuna wenye viwanda wengine hapa hapa Mtwara waliingia minada ile ile tuliyoikwepa sisi, na mpaka leo moshi unatoka.

Ninachodai ni hiki. Tangazo la getini libanduliwe, kwa sababu linawachafua wanawake ambao hawakufanya uamuzi hata mmoja kati ya hayo yote, na wakienda kuomba kazi kwingine wanaulizwa kuhusu "uzalishaji duni". Makato yote yaliyofanywa kwa lengo la kilo yarudishwe. Na malipo ya mzigo wa mwisho waliobangua, ambao umeshauzwa na hela imeshaingia, yalipwe. Orodha ya majina na kilo za kila mmoja ninayo, nakala ipo pia ofisi ya kazi ya mkoa. Aliyekuwa zamu ya usiku na jina lake halimo, aje inbox.