Modeli za mchemko kwenye mifereji midogo: hii namba r mnaitoa wapi jamani?

Wakuu habari za usiku, niko Tanga hapa Ngamiani nimerudi nyumbani kumalizia tasnifu, na leo naandika nina hasira kwelikweli.

Kazi yangu ni simulesheni ya maji yanayochemka ndani ya kamfereji ka nusu milimita, vile vya kupozea vifaa vya elektroniki. Natumia VOF, njia ya hesabu ya Hirt na Nichols, ile ya 1981, kufuata mpaka wa maji na mvuke, hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni maji yanapogeuka mvuke, wengi tunatumia modeli ya Lee ya 1980 na ndani yake kuna namba r inayoamua maji yaliyopita joto la kuchemka yageuke mvuke kwa kasi gani. Namba yenyewe hakuna kipimo cha kuipimia! Mmoja kaweka 0.1, mwingine milioni 10, mwingine haandiki kabisa, unasoma kurasa zote unakuta mstari wa simulesheni umelala juu ya vidoti vya vipimo vya maabara kama umechorwa kwa rula, r huioni.

Nimeweka 100, maji pembeni ya kiputo yakafika digrii 108 wakati pale yanatakiwa yabaki 100, nikaipandisha sana hesabu zikalipuka usiku wa manane siku ya tatu. Siku tatu laptopu iko juu ya matofali mbele ya feni na mama kaacha kugandisha barafu zake za ubuyu ili luku inifikishe.

Supavaiza namweleza ananijibu "chezea r mpaka ifanane, andika imethibitishwa". Imethibitishwa nini sasa? Hapo umenakili jibu, hujatabiri kitu, badilisha mfereji au kasi ya maji uone kama r ileile itashika.

Na bado ule utando wa maji kati ya kiputo na ukuta, maikroni chache tu na joto jingi linapita hapo, mtu meshi yake, yaani vile vyumba vidogo vya kukokotolea, ni vya maikroni 20 anasema kauona!

Mnaochapisha andikeni r yenu na mlivyoipata. Na aliyewahi kukokotoa mvuke kwa joto linalofika pale mpakani lenyewe, bila r, kwenye OpenFOAM (ile programu ya bure ya simulesheni), naomba anielekeze alivyoanza, niko tayari kurudia kazi yote. Jumatatu nampelekea supavaiza r tano na majibu yake matano kwenye grafu moja, achague ipi ndiyo maji.