Naombeni ushauri: taarifa za shule wazazi hawazisomi, na programu tunazowaandalia hawaji

KatibuWaWazazi

Habari zenu wapendwa. Nahitaji mawazo ya watu waliolipitia hili, awe mzazi, mlezi au mwalimu.

Nina watoto wawili shule ya msingi, mmoja darasa la kwanza, mwingine la nne. Mwaka huu nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya wazazi nikakabidhiwa kazi mbili: kuandaa taarifa inayokwenda nyumbani kila Ijumaa, na kusimamia programu za wazazi. Kazi naipenda kweli. Ila nimefika mahali nimekwama.

Taarifa yetu ni kurasa mbili. Ina kalenda, mitihani, michango, vitu vilivyookotwa, na matangazo ya mwalimu mkuu. Inachapwa, watoto wanapewa wapeleke nyumbani, halafu naipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwezi uliopita tuliandaa jioni ya kuwafundisha wazazi namna ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani. Tukapanga viti 80. Wakaja watu 9, na 4 kati yao ni wajumbe wa kamati. Mwalimu aliyeandaa alikuwa amekata kadi za silabi kwa mkono wiki mbili nzima. Nilipomwona anazikusanya na kuzirudisha kwenye boksi, nyingi hazijaguswa, niliumia sana.

Kesho yake asubuhi, getini, mama mmoja ananiuliza, "Dada, ile semina ya kusoma mtaifanya lini? Mwanangu ananisumbua." Karatasi ya tangazo ilikuwa kwenye begi la mtoto tangu wiki iliyotangulia, imekunjwa chini ya madaftari.

Kwenye kamati wapo wanaosema wazazi hawajali, tuwatoze faini wasiohudhuria. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kuwajibu. Nifanyeje?

MamaMapacha

Pole dada. Faini msithubutu. Mzazi aliyekosa kwa sababu hana wa kumwachia mtoto mchanga, ukimtoza hela ndiyo umempoteza kabisa. Atakuwa anapita getini akiinamisha kichwa.

BabaZamuYaUsiku

Katibu, mimi ni mmoja wa hao wasiokuja, kwa hiyo naomba nikueleze upande wetu.

Naingia kazini saa 12 jioni, natoka alfajiri. Programu zote za shule ya wanangu zinawekwa saa 11 jioni. Sijawahi kuulizwa ni saa ngapi ningeweza. Taarifa naisoma usiku nikiwa kazini, kwenye simu ndogo. Picha ya karatasi ikikuzwa maandishi yanafifia, ikiachwa ilivyo hayasomeki. Nikifanikiwa kusoma, mstari wa kwanza ni onyo, wa pili ni mchango, wa tatu ni onyo tena. Nikifika hapo naweka simu mfukoni. Tangazo la kunisaidia kumsomesha mwanangu liko ukurasa wa pili chini, sijalifikia.

Sisemi kwa kulaumu. Kila siku narudi nyumbani watoto wanavaa sare, na zile dakika 20 kabla hawajaondoka ndizo nilizo nazo. Mtoto wangu wa darasa la pili ananisomea nikiwa navua viatu. Shule haijui kama hilo linafanyika, na hakuna aliyewahi kuniambia kama linamsaidia au nafanya kosa.

MwalimuDarasaLaPili

Baba, linamsaidia. Endelea vivyo hivyo. Akikwama kwenye neno usimtajie haraka, mpe muda avute silabi ya kwanza.

Katibu, nimefundisha madarasa ya mwanzo miaka mingi na nimeandika matangazo mengi mabaya kabla sijajifunza. Tubandikie hapa tangazo la ile jioni lilivyotoka, neno kwa neno.

KatibuWaWazazi

Hili hapa mwalimu, nimelinakili kama lilivyokuwa:

"Wazazi wote mnakumbushwa kuwa uongozi wa shule hautavumilia uchelewaji wa wanafunzi. Aidha, mnatangaziwa kuwa kutakuwa na semina elekezi kuhusu uimarishaji wa stadi za usomaji kwa wanafunzi wa madarasa ya awali, itakayofanyika siku ya Alhamisi katika ukumbi wa shule. Mahudhurio ni ya lazima."

MwalimuDarasaLaPili

Asante kwa kuliweka bila kulirekebisha. Sasa lisome kama mzazi aliyechoka. Ameanza kwa kugombezwa kwa kosa ambalo pengine si lake. Kisha anakutana na "semina elekezi" na "uimarishaji wa stadi za usomaji", maneno ya ofisini, na mtu ambaye shule ilimshinda utotoni akiyaona anajua hapo si pake. Saa haikutajwa. Halikusema kama anaweza kuja na mtoto. Na mwisho ni amri.

Mimi ningeandika hivi:

"Mtoto wako anakwama katikati ya neno akisoma? Alhamisi saa 11 jioni mwalimu ataonyesha namna ya kumsaidia. Ni dakika 45, kwenye darasa la kwanza. Njoo na watoto, wadogo watakuwa na mahali pa kuchezea. Usipoweza kufika, mwambie mwalimu wa darasa akutumie maelezo."

Lina mambo yote mzazi anayohitaji ili aamue. Na liende peke yake. Ukilichanganya na michango, wazazi watasoma michango.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: kila taarifa ianze na kitu ambacho watoto wamejifunza wiki hiyo. Mistari miwili tu. "Darasa la pili wiki hii wamejifunza kutoa kwa kukopa. Mwulize mwanao 52 kutoa 17 ni ngapi, na akueleze amefanyaje." Mzazi akishasoma hivyo ana la kuzungumza na mtoto jioni hiyo hiyo. Ukimwuliza mtoto "leo umejifunza nini" atakujibu "hakuna". Ukimwuliza habari ya kukopa, ataeleza mpaka umkatize. Nilipoanza kufanya hivi, wazazi walianza kunijia mlangoni kuuliza maswali ya somo lenyewe. Zamani walinijia kwa malalamiko tu.

MsomajiWaElimu

Nimefurahi uzi huu umeanzishwa. Niwasimulie kidogo niliyojifunza chuoni, maana hoja ya kuwajibu wanakamati ipo.

Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliugawa ushiriki wa wazazi katika aina 6: malezi ya nyumbani, mawasiliano kati ya shule na nyumbani, kujitolea shuleni, kumsaidia mtoto kujifunza akiwa nyumbani, kushiriki katika maamuzi ya shule, na kushirikiana na jamii inayoizunguka shule. Angalia Baba wa zamu ya usiku yuko wapi. Mtoto anamsomea kila asubuhi: hiyo ni aina ya nne, kamili. Lakini kamati inayohesabu viti imemwandika mtoro. Kwa hiyo wanaposema wazazi hawajali, waulize wamepima nini.

Na kuna jaribio lililonigusa kwa urahisi wake. Katika jiji la San Francisco, mwaka wa masomo wa 2013/14, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Benjamin York na Susanna Loeb, waliwatumia wazazi wa watoto wa miaka 4 ujumbe mfupi wa simu mara 3 kwa wiki. Mmoja ulieleza kwa nini jambo fulani ni muhimu, wa pili ulitoa kitendo kidogo cha kufanya, kwa mfano kumwonyesha mtoto herufi ya kwanza ya jina lake kwenye pakiti au bango, wa tatu ulimtia moyo mzazi na kumwongezea hatua. Wazazi walioupokea walifanya shughuli hizo na watoto wao zaidi ya wale ambao hawakuupata, na watoto wakapanda katika baadhi ya vipimo vya mwanzo vya kusoma. Hakuna ukumbi uliotumika wala kiti kilichopangwa.

MamaMapacha

Hapo kwenye ujumbe mfupi nakubali, ila tuangalie kundi lenyewe. Kundi la shule ya wanangu linapokea salamu, picha za maua, matangazo ya biashara, na mabishano. Ujumbe wa mwalimu ukitumwa saa 2, saa 3 umeshafunikwa. Tulipofungua kundi la pili ambalo walimu na katibu pekee ndio wanaoweza kuandika, mambo yalitulia. Maswali yanabaki kule kwenye kundi la kwanza.

Na jambo jingine linaloniuma. Shule moja waliyosoma wanangu zamani ilibandika kwenye kundi majina ya watoto wasiomaliza malipo, jina langu na la watoto wangu yakiwemo. Binti yangu alikuwa na miaka 8. Mwenzake aliona kwenye simu ya mama yake akaenda kumwambia darasani. Hakula chakula siku ile. Katibu, nakuomba sana, kwenye taarifa yako lisiingie jina la mtoto kwa deni, kwa adhabu wala kwa ugonjwa. Hata picha ya mtoto akipokea zawadi, mwombe mzazi wake kwanza. Wapo watoto ambao kwa sababu za kifamilia hawatakiwi kujulikana wanasoma wapi.

BibiMlezi

Wanangu, hamjambo. Mimi ni bibi, nalea wajukuu watatu, mama yao ni marehemu. Haya naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa.

Karatasi za shule zinaandika "wazazi". Mwanzoni sikwenda kwenye mikutano kwa sababu nilidhani hainihusu, nikangoja niitwe. Miezi mingi ilipita hivyo. Siku moja mwalimu wa mdogo alinitumia sauti kwenye simu, akanitaja, "Bibi, karibu Jumatano, tutakuwekea kiti mbele." Nilikwenda, na mpaka leo nakwenda.

Kusoma kwangu ni kwa shida. Sauti naisikia, tena naweza kuirudia. Basi mama katibu, ukimaliza kuandika hiyo taarifa yako, isome kwa sauti uitume pia. Na uandike "wazazi na walezi". Ni neno moja tu.

KatibuWaWazazi

Shikamoo bibi. Umenifanya nisimame kidogo hapa nilipo. Kwenye shule yetu wapo walezi wengi na sikuwahi kulifikiria neno hilo. Nimelichukua.

MwalimuWaHesabu

Naongeza moja kuhusu programu zenyewe, maana naona tunazungumzia tangazo zaidi.

Tatizo la semina ya ukumbini ni kwamba mzazi anahutubiwa mambo ya watoto kwa ujumla, na yeye amekuja kwa ajili ya mmoja. Shule za wilaya ya Creighton, jijini Phoenix, Marekani, zilianzisha utaratibu wa kuwakutanisha wazazi kwa darasa, mara 3 kwa mwaka, dakika 75 kila mkutano, pamoja na kikao cha dakika 30 cha mzazi mmoja na mwalimu. Kwenye mkutano wa darasa kila mzazi anapewa matokeo ya mwanawe katika stadi moja, anaona darasa zima limesimama wapi bila majina ya wengine, kisha mwalimu anaonyesha mchezo wa kuifanyia mazoezi stadi hiyo, wazazi wanaufanya wenyewe papo hapo, na kila mmoja anajiwekea lengo.

Nimejaribu kwa udogo wangu, dakika 50, kujumlisha hadi 20 kwa kutumia vifuniko vya chupa. Sehemu ya matokeo iliniogopesha, na naonya kweli: bahasha ya mtoto asome mzazi wake peke yake, na usipange alama kwa namna ambayo mtu atabahatisha ni za nani. Sehemu ya mchezo ndiyo iliyonishangaza. Wanaume wawili ambao hawakuwahi kuzungumza shuleni walikuwa wanashindana kwa vifuniko mpaka nikachelewa kufunga darasa.

BabaZamuYaUsiku

Huo mkutano ukifanyika asubuhi, saa moja na nusu, watoto wakiwa ndio wanafika, mimi nakuja. Nasinzia, lakini nakuja.

KatibuWaWazazi *(wiki sita baadaye)*

Narudi kuwapa mrejesho, nawiwa nanyi.

Hoja ya faini ilikufa kwenye kikao. Niliwasomea maneno ya Baba wa zamu ya usiku na ya Bibi, bila kuongeza langu, na mjumbe aliyekuwa akiishikilia faini alisema mama yake naye alimlea mjukuu.

Taarifa sasa ni nusu ukurasa. Inaanza na walichojifunza watoto, walimu wananiletea mistari yao Alhamisi. Michango inatumwa peke yake, siku nyingine. Naandika maandishi ya kawaida badala ya picha, kisha naisoma kwa sauti, dakika mbili. Mara ya kwanza niliirekodi mara tano.

Tuliwauliza wazazi na walezi saa zinazowafaa kwa karatasi yenye vipande vitatu vya kuweka alama. Asubuhi ilipata alama nyingi kuliko tulivyotegemea. Jana mwalimu wa darasa la kwanza alifungua tena boksi lake la kadi za silabi, saa moja na nusu asubuhi, chumba cha darasa, dakika 40. Walikuja 23. Hatukuwa na viti vya watu wazima vya kutosha, wengine wakakaa kwenye vile vya watoto, magoti juu. Yule mama wa getini alikuwepo. Aliomba abaki na kadi zake, na mwalimu akampa.

Kilichobaki ni madarasa ya juu, la tano na la sita. Huko watoto wenyewe hawataki wazazi waonekane shuleni, na wazazi wengi wanaona kazi yao ya masomo imekwisha. Mwenye uzoefu wa hao naomba aandike hapa, nasoma kila siku.