Mrejesho: Mapumziko yetu katika nyumba ya mbao pamoja na watoto wadogo

Nilipoomba ushauri kuhusu kukaa siku 5 katika nyumba ya mbao msituni na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 2 na mwingine wa miaka 4, hofu yangu ilikuwa kwamba mimi na mume wangu tungerudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Tumerudi juzi, nami nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Ushauri uliotufaa zaidi ni ule wa kulinda saa za usingizi: tulianza safari wakati ambao mdogo hulala mchana, tukabeba shuka na taa ndogo walizozizoea, na kuanzia usiku wa pili wakalala kama wako nyumbani. Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, kwa kuwa giza la msituni ni zito na mkubwa alishtushwa na kila mlio wa mbao.

Kuhusu jiko la kuni, tuliomba mapema liwekewe kizuizi cha chuma, tukabeba na king'ora cha kaboni monoksidi, kwani gesi hiyo ya sumu, inayoweza kutoka kwenye moto wa kuni, haina rangi wala harufu na sikutaka kutegemea uangalifu wa mwenye nyumba peke yake. Chakula kingi tulikipika kabla ya kuondoka. Shughuli tulizipunguza hadi moja kwa siku, na kilichowafurahisha watoto kupita vyote ni kuokota mawe kando ya kijito, ambako mmoja wetu alikaa karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa mkono, huku mwingine akipumzika barazani hadi zamu yake ifike.