Ramani ya vinamasi vya nyanda kame za juu: "maji" yanatokea vileleni

Mpimaji:
Wakuu, nachora ramani ya vinamasi vidogo juu ya mita 4,000, eneo kame. Natumia picha za setilaiti ya Sentinel-2, fahirisi ya maji ya bendi 3 (mwanga wa kijani) na 11 (infraredi ya mawimbi mafupi). Maji yanajitokeza vileleni na kwenye makorongo, vinamasi vyenyewe havionekani. Shida nini? Na nikishavipata, uhifadhi unaanzia wapi?

Pikseli:
Mkuu, fahirisi hiyo na ile ya theluji ni fomula moja. Hapo vileleni umepima theluji. Tumia bendi 8 (infraredi ya karibu): theluji huakisi sana, maji kidogo mno, mpaka wa 0.11 (sehemu ya mwanga unaoakisiwa) hutenganisha vizuri, ila maziwa yenye tope huponyoka. Angalizo: picha zilizochakatwa kuanzia 25 Januari 2022 thamani zake zimeongezwa 1,000. Usipoitoa hiyo 1,000 kabla ya kugawa kwa 10,000 kupata uakisi, maji yote yatasogea juu ya 0.10 na mpaka wako hautafaa kitu.

Makorongoni ni vivuli. Vikokotoe kwa modeli ya mwinuko na pembe ya jua ya siku ya picha, uvifute.

Kubwa zaidi, vinamasi vya huko mara nyingi havina maji ya wazi. Juu kuna zulia la mimea, mfano *Distichia muscoides* kule Andes, maji yamejificha kwenye mboji (tabaka la mimea iliyooza nusu). Kwa hiyo tafuta ukijani (bendi 8 na 4) mwishoni mwa kiangazi, nyasi za pembeni zikiwa zimekauka. Kinachobaki kijani kinanyweshwa kutoka chini au na barafu.

Chemchemi:
Naongezea: bendi 11 ina pikseli ya mita 20, hivyo utepe wa kinamasi wa mita 15 kandokando ya kijito unamezwa. Usiondoe miteremko yote kwenye ramani pia. Vinamasi vya chemchemi hukaa hata mlimani. Na ukihakiki, tenga mabonde mazima kwa majaribio. Pointi za bonde moja zinafanana, zitakupa usahihi wa uongo.

Bomba_na_Mboji:
Uhifadhi: anza na maji, uzio baadaye. Ukizungushia kinamasi kimoja, mifugo inahamia cha jirani. Angalia juu yake kama kuna mfereji uliochepusha kijito au kisima kinachovuta.

Kabla hujagusa chochote, zamisha kwenye mboji bomba la plastiki lenye matundu, limevikwa kitambaa, upime kina cha maji kila wiki. Kwenye kipimo, toa urefu wa bomba uliobaki juu ya ardhi. Wengi husahau hilo, namba zote zinapotoka.

Korongo likishakata mboji, lizibe kwa vizuizi vya ngazi: maji ya kizuizi cha chini yafikie kitako cha kile cha juu. Anzia kichwani mwa korongo, na kila kizuizi ukipachike ndani ya kingo zote mbili. Mawe matupu mara nyingi hayafai, maji yanaweza kupenya pembeni na kuchimba ukingo. Tumia mbao au mabonge ya mboji yenye mimea hai, yaliyochukuliwa sehemu ambayo imeshabomoka.