Njia nane Kimara–Kibaha: mwenda kwa miguu avukie wapi?

mdau_mbezi: Wakuu, hivi hii barabara ya Morogoro kutoka Kimara, Dar, hadi Kibaha, kilomita 19 na ushee, magari yanateleza raha kweli, ila mtu akishuka daladala na kiroba chake, mtoto mgongoni, na nyumbani ni ng'ambo, anavukaje njia zote hizo? Au waliopanga walijua wote tuna magari?

kibamba_yetu: Umenena mkuu. Kuanzia Mbezi kwenye stendi ya Magufuli pale ni mji kabisa sio porini, sasa gari likija na spidi 80 hakuna cha zebra wala nini. Zebra iinuliwe kama tuta, halafu katikati kiwepo kisiwa mtu avuke nusu nusu.

da_Sauda: Si wajenge tu madaraja ya juu?

mzee_wa_ramani: Dada, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani hapandi ngazi zile, atapenya palepale kati ya magari. Mi nawaza pembeni, hifadhi ya barabara pale ni mita 121.5 kila upande, watu walibomolewa 2017 kwa ajili yake na lami haijaila yote. Wapange njia za bodaboda na bajaji, miti, vibanda vya mama ntilie, maana wasipopanga wao machinga watajipangia.

mdau_mbezi: Na mitaro iwe na mifuniko jamani, usiku ukikwepa bodaboda umo ndani.